Ombi la Uwanja Wenye Ua, Ili Mwanangu Akimbie Bila Kufuatwa

Jeniffer Wakonyo (Mama Kingori),
Mtaa wa Kirathimo,
Nyuma ya kanisa la mabati,
Nyeri.

Tarehe 3 Julai 1995

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Michezo na Mapumziko,
Baraza la Mji.

Bwana Mwenyekiti Mheshimiwa,

Naomba barua hii ikukute mzima wewe na watu wa nyumbani kwako. Kama umeamka na mafua kwa baridi hii ya Julai, kunywa uji wa moto kwanza ndipo usome, kwa sababu mambo ni mengi na mimi huandika herufi ndogo ili nisimalize karatasi.

Bwana Mwenyekiti, mtaa wetu ulikuwa shamba la kahawa. Siku hizi umekatwa ploti za futi hamsini kwa mia na watu wamejenga nyumba za mawe. Wengine wametoka mbali, Kangari na Kenol, na tunaishi nao vizuri. Kwenye ramani iliyo ukutani kwa chifu kuna ploti moja imepakwa rangi ya kijani na kuandikwa BURUDANI. Ploti hiyo sisi tumeitumia kwa uaminifu: tunaanikia mahindi na blanketi, na arusi mbili zimefanyiwa hapo. Lakini hakuna aliyewahi kuburudika kwa njia inayoonekana.

Mimi ni mama yake Kingori. Sina tabia ya kusifu watoto wangu, na hata Sophie, dada yake, ambaye ni mwalimu huko Timau na ana vyeti vinne ukutani vyenye fremu, sitamtaja hapa. Nitamtaja Kingori tu, maana ndiye mwenye shida. Ana miaka ishirini na mmoja. Alitembea akiwa na miezi minane, na hakuwa akijaribu, alikuwa na mahali anakwenda. Meno yote anayo. Fundi wa nguo humpima kifua mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hudhani ameshika futi vibaya. Sasa, Jumamosi tarehe 22 mwezi huu kuna mbio za kilomita kumi za kuchagua vijana wawili wa timu ya mkoa, na vijana wa timu ndio huonekana na wakubwa wakaandikwa kazi. Kingori amekaa nyumbani tangu amalize kidato cha nne, ananisaidia kwa ng'ombe. Hii ndiyo nafasi yake. Lakini katika mtaa huu mazoezi hayawezekani, na nitakueleza kwa nini, moja moja.

1. Watu wetu hawajui kwamba mtu anaweza kukimbia bure. Hapa ukikimbia, ama umefiwa, ama ng'ombe ameingia kwenye sukuma wiki ya mtu, ama kuna mwizi. Siku ya kwanza Kingori alitoka na kaptula na raba nyeupe ambazo nilikuwa nimezipiga chaki mwenyewe. Mzee Theuri wa ploti ya tatu alikuwa akikata ua kwa panga. Akamwuliza, "Wamepitia wapi?" Kingori hakuwa na pumzi ya kujibu, na mtoto niliyemlea mimi hawezi kumnyamazia mzee, basi akanyoosha mkono mbele, kumaanisha kwamba ndiko anaelekea. Kabla hajafika kwenye kona, watu kumi na tisa walikuwa nyuma yake wakipiga mayowe. Waliishia darajani, ambapo mnunuzi wa mayai alikuwa amekaa kwenye jiwe akila ndizi. Mtu huyo alihojiwa nusu saa nzima kila trei imetoka kwa nani. Alipotaja majina matatu bila kukosea wakamshuku zaidi, ati mtu asiye na hatia hakumbuki namna hiyo. Mpaka leo haji kwetu, na mayai yangu yamejaa chini ya kitanda.

2. Kijana akionekana anakwenda mikono mitupu, hapa kwetu hatumwachi hivyo. Kila lango analopita kuna mtu wa kumsalimu, na salamu yetu si ya kupunga mkono, ni ya kushikana na kuulizwa habari ya nyanya yake. Akishaulizwa, anapewa kitu apeleke mbele. Jumanne moja alianza mbio akiwa mwepesi kabisa, akazimaliza na jogoo, mtungi wa maziwa, mtego wa panya wa mtu na Biblia iliyosahauliwa kanisani. Kilomita ya kwanza ilimchukua dakika arobaini, pamoja na chai. Ninaamini hakuna mkimbiaji mwingine nchini anayekimbia akiwa ameshiba namna hiyo.

3. Juma la pili watu waliacha kumdhania mwizi, lakini ikawa vibaya zaidi. Kingori huzungukia ghala la chama cha ushirika halafu anarudi. Mtu mmoja akaona, akawaza kwamba lazima mbolea imefika na Mama Kingori ameambiwa kwa siri. Kesho yake akina mama wote walitoka na magunia. Walipofika, Kingori akageuka kama kawaida yake, lakini wao wakapanga foleni. Karani wa ghala, kuona foleni, akafungua akidhani yeye ndiye aliyesahau siku. Mbolea haikuwako, basi akawauzia chakula cha kuku, na watu wasiofuga kuku wamerudi wakitafuta vifaranga. Tangu siku hiyo hawakosi kumfuata. Nimewaambia ana kwa ana kwamba hakuna kitu huko, na jirani yangu Kagure akanijibu, "Mama Kingori, usitufiche, mtoto hawezi kukimbia kila siku kwenda mahali pasipo na kitu."

Na huyo Kagure usifikiri ni msichana. Ana wajukuu sita.

4. Nilijaribu kutafuta dawa ya jambo hili mwenyewe kabla ya kukusumbua. Nilichukua fulana ya Kingori nikaiandika mgongoni kwa rangi ya mlango, herufi kubwa: SIKIMBII KITU. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita na mwandiko wangu mwalimu aliwahi kuwaonyesha wageni. Lakini alipopita mtaa wa pili, watu wasiomjua wakasema hayo ndiyo maneno ambayo mwizi angeandika. Akarudishwa nyumbani na watu wanane, kwa heshima lakini wakiwa wamemshika shati. Niliwapikia chai.

5. Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma. Watu hawa wamepata afya, Bwana Mwenyekiti. Wamefika arobaini na sita. Mzee Theuri ameacha bakora yake kwenye ua na maharagwe yanaipanda. Mutahi mwenye duka analia kwamba hakuna anayenunua dawa ya kuumwa mgongo, na yeye mwenyewe amekuja kukimbia ili ajue wateja wake wameenda wapi. Kagure alipimwa presha kule zahanati, na daktari akabadilisha kipimo akidhani kimeharibika. Hayo yote yametokana na mwanangu, na hakuna aliyekuja kunishukuru hata na kabeji moja. Tena juma lililopita, kwenye mlima wa kanisa, Kagure alimpita Kingori akiwa na mjukuu mgongoni. Alimpita akimwambia, "Songa, baba, kuna watu wana kazi." Mtoto mgongoni alikuwa amelala. Mtu anayejiandaa kwa timu ya mkoa atapitwaje na mtu anayebembeleza mtoto? Kingori alikaa jioni nzima bila kula, na wewe hujui maana ya Kingori kutokula, lakini ng'ombe walishangaa.

Kwa sababu hizo naomba Kamati yako, kwa unyenyekevu na kwa haraka, ifanye haya. Ile ploti ya kijani izungushiwe ua wa miiba usiopenyeka, urefu wa kumzidi Mzee Theuri. Liwekwe lango moja na kufuli, na ufunguo niuweke mimi, kwa kuwa niko nyumbani siku zote. Baraza liweke askari mmoja na filimbi. Tena, kama redio ina leseni, sioni sababu kukimbia kusiwe na leseni: kila mtu aliyepita miaka thelathini na mitano aandike kwenye fomu anakimbia kwa ajili gani, na akishindwa kueleza arudi shambani. Kagure asipewe fomu. Na kama mbao zitabaki, nijengewe benchi lenye paa, kwa sababu mtoto hukimbia vizuri akijua mamake anaona.

Najua utasema kwamba viwanja vya burudani ni vya watu wote. Mimi sipingi. Watu wote wataburudika kwa kusimama nje ya ua na kumwangalia Kingori.

Msalimie bibi yako na watoto. Msalimie karani wa ofisi yako, yule dada wa chai aliyenipa kiti nilipokuja Aprili, na dereva wa trekta ya takataka ambaye ni mtu wa kanisa letu. Kingori anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Nakuombea siku njema na majirani wanaokaa kwao.

Ni mimi mwananchi wako,
Jeniffer Wakonyo
(Mama Kingori)

Nyongeza, tarehe 24 Julai. Barua hii haikutoka mapema kwa sababu mwinjilisti wetu aliomba kuisoma kwanza, akakaa nayo akiwasomea wengine. Katika muda huo mbio zimekwisha, na naomba usitekeleze hata neno moja nililoandika hapo juu.

Kingori alianza vizuri, mbele ya wote. Akafika nusu, akageuka nyuma, akaona watu wasiomjua, hakuna anayemwita. Mwendo ukamwishia miguuni. Wakampita wawili, wakampita watano, halafu akapita mbele ya meza ya waamuzi na, kwa vile nilivyomlea, akasimama kuwashika mikono mmoja mmoja. Nilikuwa nimekaa na majirani zangu, maana walikuja wote. Nilijikuta nimesimama. Sikumwita Kingori, Bwana Mwenyekiti, nilimwita Kagure. Nikamwambia, "Mama, mtoto wetu anapotea." Kagure alifunga mjukuu vizuri mgongoni, akaruka kamba ya kuzuia watazamaji, na wale arobaini na watano wakamfuata.

Kingori aliposikia miguu hiyo akaijua. Sijawahi kumwona akikimbia vile tangu azaliwe. Amekuwa wa pili na wamemchukua kwenye timu. Kwa haki aliyefika kwanza ni Kagure, lakini hakuwa amejiandikisha. Mbio za mkoa ni mwezi ujao, kwa hiyo ombi langu sasa ni lori la Baraza la kuwabeba watu arobaini na sita, na barua yenye muhuri ya kuwaruhusu kuwa nyuma yake.

Yule kijana aliyeandikwa wa kwanza anaitwa Muthomi, mtu wa Timau, hana jamaa huku. Alikuja kwangu bado anahema, akaniuliza kwa adabu kama kuna chumba cha kupanga mtaani kwetu.