Kibao cha Ufagio na Safari ya Ulm

Jumatatu, 6 Oktoba

Nafasi moja! Mwalimu Reinhild alitangaza jioni, mwisho wa mazoezi, tukiwa bado tunatiririka jasho katika ukumbi wa shule ya msingi. Timu yetu ya panga ndefu inakwenda mashindanoni Ulm Jumamosi. Watatu wamekwisha kupatikana. Wa nne ni mimi au Volkmar Pfisterer. Tutapambana Ijumaa.

Volkmar ni jirani yangu, mlango kwa mlango, ghorofa ya pili. Mtu mwema. Simvumilii. Miaka mitatu nimelisoma pigo la ghadhabu katika maandishi ya mabingwa wa kale, jinsi upanga unavyoshuka kutoka begani kama radi. Leo Volkmar akanitazama nikilipiga, akauliza, "Gernot, ndugu yangu, unakung'uta zulia?" Watu wakacheka. Hata Mwalimu.

Nyumbani Annegret, mke wangu, alinikumbusha kwamba Jumamosi hiyohiyo mama yake anatimiza miaka sabini. Kahawa na keki saa tisa alasiri. Mwaka jana nilikosa kwa sababu ya semina ya majambia. Nikikosa tena, akasema, upanga wangu unauzwa na pesa zinakwenda kwa fundi wa boila. Tunaoga maji ya uvuguvugu tangu Agosti. Alisema kwa upole, huku akikata kitunguu. Upole ule ndio ulionitisha.

Jumanne, 7 Oktoba

Nina hesabu mpya. Mashindano yanaanza asubuhi. Treni ya kurudi kwetu Esslingen inatoka Ulm saa saba na nusu. Saa tisa niko mezani, nimekwisha kuchana nywele. Upanga unabaki wangu. Hakuna mgongano wowote!

Isipokuwa kibao. Kibao cha ufagio kinaning'inia mlangoni kwetu tangu jana. Kila nyumba katika jengo hili ina juma lake, na kibao kikiwa kwako, ngazi ni zako, njia ya mbele ni yako, na Jumamosi kabla ya adhuhuri vyote ving'are. Hakuna Mswabia, mwenyeji wa huku kwetu, anayetoka mjini siku hiyo hali kibao kiko mlangoni pake. Heri aonekane bila suruali.

Hapo nikapata wazo. Kibao hakina miguu. Mimi ninayo. Nikitoka kwenda kazini nilikihamishia kwa Volkmar. Atafagia, hataweza kwenda Ulm, na Ijumaa tutapigana kwa kutimiza ada tu. Pigo moja, ndege wawili. Nilitembea kwa soksi, viatu mkononi.

Jumatano, 8 Oktoba

Kazini. Bwana Knobloch, bosi wangu, alisema Jumamosi ni zamu yangu dukani, kwani vigae vya bafuni vimepunguzwa bei na watu watafurika. Nilimwambia haiwezekani, mama mkwe anatimiza sabini. Uso wake ukalainika. Familia kwanza, Häfele, akasema, akinitaja kwa jina la ukoo, akanipa siku nzima. Kumbe anamfahamu Bi Hedwig, mama mkwe wangu! Wanaimba pamoja kwaya ya kanisa. Alinishukuru kwa kumkumbusha.

Annegret nimemwambia nitakuwa kazini hadi saa nane. Bwana Knobloch anajua nitakuwa kwenye keki. Mwalimu Reinhild anajua niko huru kutwa nzima. Watu watatu, na kila mmoja nimempa ukweli wake. Nilijaribu kutafuta upi kati yao ni uongo. Niliupata, kisha ukanipotea.

Jioni niliangalia mlangoni kwa Volkmar. Kibao hakipo! Kwetu pia hakipo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekiona. Kiko chini, mlangoni kwa mama mkwe, anayekaa jengo hilihili.

Nilimkamata Volkmar ngazini, nikamuuliza kana kwamba ni jambo dogo. Akanieleza kwa furaha. Yeye alifagia juma lililopita. Kibao kilipomrudia, akafikiri sisi tumekwisha kumaliza ngwe yetu mapema na tumekosea mlango wa kukipeleka. Baada yetu anafuata Bi Hedwig. Basi akakishusha. "Kati ya majirani hakuna haja ya asante," akasema.

Kwa hiyo mama mkwe atapiga magoti kwenye ngazi siku anayotimiza miaka sabini, kwa ajili yangu. Annegret akijua, hautauzwa upanga tu. Nitauzwa pamoja nao.

Nikashuka kukichukua. Kamba ilikuwa imejifunga msumarini. Nikiwa nahangaika, mlango ukafunguliwa. Bi Hedwig akanitazama, akaitazama mikono yangu. "Unaning'iniza au unaondoa, mkwe wangu?" Ulimi ukanitangulia. Nilisema nimekuja kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa.

Alhamisi! Siku mbili kabla! Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba heri ya mapema ni nuksi, kwamba ni sawa na kumwambia mtu huenda asiifikie siku yenyewe. Bi Hedwig alishika fremu ya mlango, akaigonga mbao yake mara tatu kufukuza mkosi, akafunga. Nikasikia akigonga tena ndani, sijui meza, sijui kabati.

Annegret aliniuliza usiku nina nini na mama yake. Nikajibu sina kitu. Hilo pia halikusikika vizuri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Pambano. Hadi mapigo matano. Katika chama chetu hakuna mwamuzi wa kupiga kelele. Aliyeguswa anainua mkono mwenyewe, kiungwana. Nilianza na mkao ambao mabingwa wa kale waliuita Zuzu, ncha ya upanga chini, unamvuta adui akudharau. Volkmar akanidharau barabara, akanigusa. Moja, mbili.

Kisha nikampiga pigo la ghadhabu, safi, juu ya barakoa, likalia ngaa! Nikainua mkono. Mimi! Juma zima nimekuwa mtu mwenye hatia, mkono ukajiinukia. Mwalimu Reinhild akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Volkmar, badala ya kukataa, akasema labda tulipigana kwa pamoja. Nikashindwa tano kwa moja, na moja yenyewe alinipa yeye.

Ndipo Volkmar akamwambia Mwalimu kwamba hata hivyo Ulm haendi. Amemkuta Bi Hedwig akitayarisha ndoo, akamhurumia, akaahidi kumfagilia yeye kesho. Naye Bi Hedwig amemwalika kwenye keki.

Mwalimu akanigeukia kama mtu anayechukua kabichi ya mwisho sokoni. "Haya, Gernot. Wewe basi."

Nimeshinda! Nadhani nimeshinda. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, nikaacha karibu na mlango.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niliondoka na mfuko wa upanga nikisema ni sampuli za vigae virefu. Ngazini nilipishana na Volkmar na ndoo yake. Alinitakia ushindi. Kwa sauti kubwa mno.

Ulm. Nilitolewa raundi ya kwanza na mwanamke wa Augsburg, mfamasia, aliyeniomba radhi kabla ya kila pigo. Hata sikuhuzunika, nilikuwa na muda tele. Saa saba na nusu nilikuwa jukwaani stesheni. Treni haikuwapo. Ikatangazwa itachelewa kidogo. Kisha ikatangazwa kwamba jukwaa limebadilishwa, tukakimbia sote, mabibi na mabegi. Kisha wakaturudisha jukwaa lilelile.

Nilifika saa kumi na nusu. Ngazi zinang'aa. Niliingia kwa Bi Hedwig na mfuko begani.

Mezani alikuwapo Annegret. Alikuwapo Volkmar, ndani ya aproni, kwenye kiti changu, akikata keki ya cheri. Na karibu na Bi Hedwig, nyuma ya shada la maua kubwa kama kondoo, Bwana Knobloch.

Akaniuliza nilikuwa wapi. Annegret akamjibu kwa mshangao kwamba nilikuwa dukani kwake. Bwana Knobloch akasema duka alilifunga yeye mwenyewe saa nane, na mimi alinipa ruhusa nije hapa. Wote wakanitazama. Nikatafuta ni ukweli wa nani niusimamie, nikauchukua wa karibu. Nikasema treni ilichelewa. Annegret akauliza treni gani inayotoka dukani, hali duka liko mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Volkmar alitaka kuniokoa. Nampa haki yake. Akageuza mazungumzo. "Ehe, Ulm umepata pointi ngapi?"

Bi Hedwig akasema angalau leo nimtakie heri, maana leo ndiyo siku yake. Nikamtakia. Annegret akanipa kipande cha keki, kwa upole.

Jumapili, 12 Oktoba

Upanga umeuzwa. Aliyeununua ni Volkmar, papo hapo, bila kupunguza hata yuro moja, na hata akaongeza kidogo kwa sababu ya boila. Alinishika bega. Alisema kwake utakuwa salama, kama uko nyumbani. Fundi anakuja Jumanne. Bwana Knobloch amenipangia kila Jumamosi hadi Krismasi. Bi Hedwig amekirudisha kibao kwetu kwa mkono wake, na kusema majuma mawili yajayo pia ni yetu.

Nimekaa jikoni nikiyatafakari haya yote kwa utulivu. Kosa liko wapi? Mpango ulikuwa mzuri. Ni treni.

Lakini habari ni hii! Volkmar anakwenda mapumziko na ameniachia ufunguo nimwagilie maua yake. Upanga unaning'inia sebuleni kwake, nimeuona. Tarehe 25 kuna mashindano Heilbronn, na kutoka huko kuna basi, si treni. Annegret ataamini kwamba maua yana kiu. Bi Hedwig nitamwambia tumekwisha kufagia Ijumaa. Bwana Knobloch nitamwambia kwamba safari hii ni baba mkwe anayetimiza miaka sabini na tano. Ni kweli alifariki zamani, na kwaya ndiyo iliyoimba kwenye mazishi, lakini Bwana Knobloch ni mtu wa familia. Hatauliza.