Betri Iliyokataa Kuzima

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Vifaa vya Shughuli za Nje,
Kanisani kwetu.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BETRI

Bwana asifiwe. Naamini u mzima na mgongo umepoa. Haya ningeweza kukuambia kwa mdomo, maana kila Jumapili unakula kwangu, lakini nikisema unacheka, na kaka yako anakusaidia kucheka. Kwa hiyo naandika rasmi, na nakala nimempa mchungaji.

Shemeji, posa ya kijana wetu imevunjika, na aliyeivunja ni betri ya kamati yako.

Shughuli zetu za uwanjani tangu zamani ziliendeshwa na jenereta. Ilinguruma, ilitoa moshi, ilimkera kila mtu. Mkaiuza kama chuma chakavu, mkanunua betri na inveta yake, kisha fundi mitambo akatangaza ibadani kwamba sasa spika na taa zitafanya kazi kutwa nzima bila kelele. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga na vigelegele. Hatukujua tunashangilia nini.

1. Betri haina kelele. Chini ya ule mngurumo mtu aliweza kumnong'oneza jirani yake neno la kujenga. Siku ya posa nilimwinamia wifi nikamwambia, "Hivi mama wa binti kavaa kofia au kabeba kuku?" Enzi za jenereta maneno hayo yangeishia sikioni kwa wifi. Kwa betri yakafika meza kuu. Mama wa binti akajibu kutoka huko huko, "Ni kofia, dada." Nikamwomba Mungu ardhi inimeze, ardhi ikasita.

2. Betri haijui kiasi. Jenereta ilikuwa inazima yenyewe mafuta yakiisha, na mafuta yalikuwa yanaisha mjomba wenu akiwa bado kwenye salamu, au akiwahi sana, kwa babu yake. Namsema yule ndugu wa mama yenu mzazi, tunayemwita Kwa Kifupi kwa sababu ndivyo anavyoanza kila hotuba. Miaka yote anapopewa nafasi ya kueleza ukoo, hakuna aliyewahi kumsikia akimvuka babu yake. Tukamdhania mtu wa maneno machache! Safari hii alimaliza salamu, akamaliza shukrani, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akasema, "Sasa, kwa kifupi, tuanze na ukoo."

3. Betri haichoki hata ukiichosha. Nilipoona Mjomba amemvuka babu, nilichukua hatua kama mzazi. Niliwaalika wageni wote wachomeke simu zao. Nikamwita binamu yangu kinyozi, akachomeka mashine, akaanza kuwanyoa wazee wa upande wa binti, na wengine hawakuwa wameomba. Nikaleta feni ya chumbani kwangu nikaiwasha pale uwanjani, mpaka upepo wenyewe ukatulia kuishangaa. Fundi mitambo akaja mbio. "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia, "Giza." Akacheka, akanionyesha taa ya kijani. "Hii inakwenda mpaka kesho, mama." Alisema kwa fahari utadhani mwanawe kafaulu mtihani.

4. Kwa sababu hiyo Mjomba alifika mahali ambapo binadamu hapaswi kufika. Akamtaja bibi mmoja msusi wa mikeka, mwenye vidole sita mkono wa kushoto, akasema mama wa babu yake alikulia mikononi mwa bibi huyo. Mama wa binti akasimama na kofia yake. "Huyo wa vidole sita ni bibi yetu sisi!" Kukawa kimya. Kimya cha betri, shemeji, ambacho hata nzi anasikika akinawa mikono. "Kwa hiyo tunaozesha damu moja?" akauliza mama huyo. Mjomba akainua kidole aendelee, na hapo mimi, kwa uchungu wa mama, nikaruka viti nikachomoa waya. Wageni wakaondoka na hasira zao, wengine wamenyolewa upande mmoja.

Tangu siku hiyo kijana wetu, unavyomjua kwa useremala wake, anapiga randa ubao ule ule, umebaki mwembamba kama karatasi. Binti naye akipita karakana anageuza uso, halafu akishapita anageuka kuangalia. Mimi sala zangu zote siku hizi zinahusu umeme.

Naiomba basi kamati irudishe jenereta. Ikishindikana, betri ichajiwe robo tu pale Mjomba anapokuwepo. Na hilo likishindikana, mtafute rekodi ya mlio wa jenereta, ichezwe kwenye spika hizo hizo, kwa nguvu ya betri hiyo hiyo, kila mtu anapohutubia. Yote yakikwama, mchungaji aiwekee betri mikono, iache kupekua mambo ya watu.

Msalimie mkeo, watoto, yule bibi jirani yenu anayekohoa, fundi mitambo (mwambie kinyongo changu si kikubwa), na wanakamati wote, pamoja na yule anayesinzia kikaoni.

Ni mimi shemeji yako, mtumishi mwenzako shambani mwa Bwana,

Mama wa Bwana Harusi, kama bado yupo.

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha Mjomba alipoingia kunywa chai. Nikamlaumu vya kutosha. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, si ulinikata? Nilikuwa nimebakiza neno moja tu. Bibi wa vidole sita hakumzaa mama wa babu yangu. Alimwokota sokoni akamlea. Damu inatoka wapi hapo?" Nikamwambia akimbie kwa wakwe akaseme. Amekataa katakata. Anasema lililoharibika kwenye maikrofoni hutengenezwa kwenye maikrofoni, mbele ya watu wale wale, na ili lieleweke lazima aanze upya tangu salamu. Wakwe wamekubali kuja Jumamosi. Kwa hiyo, shemeji, leta betri. Ijae mpaka juu. Kama ipo ya pili, leta na ya pili. Jenereta isisogee hata getini, na waya ufungwe mahali ambapo mkono wangu haufiki. Kinyozi nimeshamwambia aje na mashine, kuna wazee wa kumaliziwa.