Forsithia Yangu Imewahi Kuchanua

Jumamosi, 6 Machi
Theluji imekwisha. Nimefika bustanini nikaondoa matawi ya misonobari tuliyofunikia miwaridi. Msiba. Mashina meusi, baridi ya Februari imeyamaliza. Ule wa baba mkwe, hapa mlangoni mwa kibanda, umepona kwa taabu. Traudel, mke wangu, ameukwaruza kwa ukucha, akaona ukijani chini ya gome, machozi yakamtoka. Baba yake aliupanda mwaka aliozaliwa yeye. Amesema mwaka huu hataki kingine chochote, anataka huu tu uchanue.

Mimi nataka na utepe. Kila Juni chama chetu cha bustani, sisi tuliokodi vishamba hivi pembeni mwa mji, hutoa utepe mwekundu kwa mwaridi bora, na kila Juni anauchukua Detlef Wuttke, jirani yangu wa kushoto. Halafu anautundika dirishani, upande unaotazama kwangu. Dirisha la pili analo, linatazama mboji.

Leo kachungulia juu ya uzio, akaniuliza kama hiyo ni miwaridi au kuni za kuchomea soseji. Nikairudishia matawi yake.

Jumapili, 7 Machi
Wazo! Limenijia nikioga. Hapa kwetu hakuna anayepogoa kwa kalenda. Tunasubiri forsithia, kile kichaka cha kwanza kuchanua, itoe maua yake ya manjano. Ikichanua, baridi kali imeondoka, basi mikasi inatoka. Na forsithia pekee ya njia yetu iko wapi? Kwangu, getini. Wuttke huitazama kila siku.

Sasa ikichanua mapema je? Wuttke atafunua miwaridi yake, ataikata, jalidi, ile baridi ya kugandisha, itarudi, itaiunguza. Utepe wangu. Nimecheka peke yangu mpaka Traudel akagonga mlango wa bafu kuuliza kama nimeteleza.

Jumatatu, 8 Machi
Nimekata matawi ya forsithia, nimeyalaza kwenye beseni la kuogea, maji ya uvuguvugu. Traudel akauliza ni ya nini. Nikasema ya Pasaka, ya kutundikia mayai ya rangi. Akanibusu. Akasema tangu tuoane sijawahi kukumbuka Pasaka kabla ya kukumbushwa. Akachukua taulo, akaenda kuoga kwa dada yake. Mwanamke mwema sana.

Jumanne, 16 Machi
Yamechanua! Bafu zima la manjano. Nimeyafunga ndani ya shuka nikapanda nayo tramu. Bibi mmoja akanipa pole, sijui alidhani nimebeba nini.

Nimesubiri saa za ukimya, baada ya chakula cha mchana, wakati sheria ya chama inakataza hata kupiga nyundo. Wengi hawaji bustanini mpaka Pasaka, na Wuttke alikuwa amelala kwenye kiti chake, kofia usoni. Nikayafunga matawi moja moja kwenye kichaka kwa uzi wa kahawia wa Traudel. Ukitazama kwa mbali, utaapa ni kazi ya Mungu.

Wuttke kaamka. Kaja getini. Kasimama muda mrefu, kavuta tawi moja karibu na miwani. Akasema mwaka huu imewahi. Nikamwambia maumbile yana akili kuliko sisi, jirani. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchukua mkasi. Nikasikia nyuma ya uzio kacha, kacha, kacha. Raha niliyoisikia siwezi kuiandika. Nimekula keki mpaka tumbo limeniuma.

Alhamisi, 18 Machi
Nimekwisha.

Nilikuwa kwa daktari wa meno. Kurudi nyumbani namkuta Traudel ana udongo mpaka kwenye nyusi, anang'aa kwa furaha. Alipita bustanini, akaona forsithia imechanua, akaona huruma na mgongo wangu. Basi kaondoa matawi yote ya misonobari, kasawazisha udongo tuliorundika mashinani, kapogoa miwaridi yetu yote, na wa baba yake kaukata kwa mkasi wa baba yake, kama alivyofundishwa. Kisha kailisha samadi ya farasi na unga wa pembe za ng'ombe. Akaniuliza kama nimefurahi.

Nikasema nimefurahi. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi, nashukuru.

Redio inasema kesho alfajiri baridi itafika digrii tisa chini ya sifuri. Kumwambia ukweli? Jaribu wewe.

Ijumaa, 19 Machi
Nimetoka kabla ya jua na kila blanketi tulilonalo. Bustani nyeupe tupu. Miwaridi yangu imekakamaa. Nikaenda kwenye ule wa mlangoni macho nimeyafumba nusu, kwa woga.

Umefunikwa. Matawi mabichi ya msonobari, juu yake magunia, na udongo umerundikwa shinani vizuri. Kando yake Wuttke, pua nyekundu, anamimina kahawa kutoka kwenye chupa. Akasema, "Uzi wako niliuona palepale, jirani. Mkasi uliousikia, nilikuwa nakata matawi ya misonobari ya kuongezea juu ya miwaridi yangu. Jana namwona Traudel na mkasi wa mzee, nikasema haya, huyu mjinga kamnasa mke wake mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakumzuia. Akasema alipofika uzioni kazi ilishakwisha, na yule mama alikuwa anaimba. Angemwambia nini? Akanipa kahawa. Nimeinywa, ilikuwa nzuri, na hilo limeniudhi.

Traudel kaja baadaye, kaona magunia, kanikumbatia. Sikumsahihisha. Wuttke akatazama viatu vyake.

Jumapili, 16 Mei
Mwaridi wa baba mkwe umetoa matumba! Sasa ni kuulisha tu. Nimeloweka majani yanayowasha kwenye pipa, mbolea kali, inanuka mpaka machozi. Pipa nimeliweka uzioni, sentimita chache kutoka jiko la soseji la Wuttke. Mchana upepo ukageuka. Shemeji yangu alikuwa mezani kwetu na keki ya jibini. Kaondoka nayo.

Jumamosi, 12 Juni
Umechanua. Mwekundu, mkubwa, mlango wa kibanda hauonekani. Traudel tangu asubuhi anaugusa na kuondoka, anarudi, anaugusa tena. Mwenyekiti wa chama, Bi Pohl, kavaa miwani, kanusa, kautaja mbele ya wote: utepe ni wa Traudel! Nimerukaruka. Nimempiga busu Bi Pohl.

Traudel akaupokea. Kisha akatoa sindano mfukoni, akamwendea Wuttke, akamshonea utepe kifuani, taratibu, kwa uzi wa kahawia. Akawa ananitazama mimi.

Anajua. Tangu lini, sijathubutu kuuliza.

Nikampa Wuttke mkono mbele ya watu. Nikamwambia yamekwisha kati yetu, sisi ni ndugu, sitamchezea tena maishani. Nilimaanisha kila neno. Kanikaribisha ndani ya kibanda tunywe bia, na hapo dirishani nikaona miche yake ya maboga. Mizuri mno. Shindano la maboga ni Oktoba.

Uzi wa kahawia umebaki mwingi.