Bakshishi ya Mji

Jumatatu, 9 Oktoba

Tangazo limebandikwa mlangoni pa maktaba ya mji. Kuna shindano! Mtu aliyerudi kutoka Kanada, hataki jina lake litajwe, ametoa zawadi kwa mkazi mkarimu kuliko wote. Zawadi yenyewe inaitwa Bakshishi ya Mji. Jiko la kuni, jipya, la chuma, lenye kioo mlangoni.

Langu limepasuka tangu Machi. Linatoa moshi ndani na joto nje. Nakohoa kama trekta. Jiko hilo ni langu, bado tu wao hawajajua.

Masharti: hakuna kujipendekeza mwenyewe. Wanahitajika mashahidi watatu waliotendewa ukarimu. Mshindi atatangazwa Jumapili ukumbini. Mwamuzi ni Mwalimu Paraskeva, aliyenifundisha kusoma, akajuta.

Mpinzani mmoja tu: Zdravka, jirani yangu, mjane. Anachoma pilipili hoho uani na kumgawia kila apitaye, hata mkaguzi wa maji. Nimemchungulia juu ya ua. Hana hata habari kwamba kuna shindano. Anagawa ovyo. Kazi ya kubahatisha!

Jumanne, 10 Oktoba

Mpango wa kwanza. Nimekunywa kahawa ya leva mbili, nikamwachia mhudumu Mincho leva ishirini. Nikamnong'oneza akumbuke sura yangu Jumapili.

Nilikuwa nimefika kona ya posta niliposikia mbio nyuma yangu. Mincho, na aproni yake, anapunga noti.

"Mzee Haralampi! Umekosea, hii ni ishirini!"

Nikamwambia ni bakshishi. Akaniuliza ya nini, maana kahawa yenyewe ilikuwa ya baridi na niliilalamikia mara mbili. Watu wakasimama. Muuza magazeti akaniuliza kama naumwa. Nikakohoa. Basi!

Hadi adhuhuri mji mzima ulijua kwamba Haralampi anakufa na ameanza kugawa mali. Wawili wamekuja kuuliza habari za baiskeli yangu. Saa nane Zdravka akaja na sufuria ya supu ya kuku. Akanitazama machoni, akasema nimekonda. Nimekula yote. Nimechelewa kugundua: nimekuwa shahidi wake!

Alhamisi, 12 Oktoba

Zdravka ameleta tena, safari hii chupa sita za rojo yake ya pilipili, eti inafungua kifua. Nikapata wazo la kipekee. Nikabandika karatasi juu ya kila chupa: *Kwa upendo, kutoka kwa Haralampi.* Nikazigawa mtaa mzima kabla ya chakula cha mchana.

Padri alionja mbele yangu, kwa kidole. Akafumba macho. Akasema, "Mungu ambariki Zdravka." Nikamwonyesha karatasi. Akaonja tena, akasema ndiyo, ni ya Zdravka, yeye huweka mbegu za bizari, na je, ananituma siku hizi?

Muuza magazeti akageuza kifuniko. Ndani yake kumeandikwa kwa kalamu ya wino: *Zdravka, Septemba.* Ameandika vifuniko vyote! Mwanamke gani anaandika ndani ya kifuniko?

Nyumba sita zimemshukuru yeye. Mbili zimenipa chupa tupu nimrudishie.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimeacha wananchi. Nimeenda moja kwa moja kwa mwamuzi, na ndoo ya jibini la kondoo, kilo tano, jeupe kama theluji. Nikamwambia Mwalimu Paraskeva ni bakshishi ndogo tu, basi tu, kwa ajili ya kunifundisha alfabeti.

Akavua miwani. Ishara mbaya, naikumbuka tangu darasa la pili.

"Haralampi, mwanangu, bakshishi maana yake nini?"

Nikasema zawadi. Akasema mababu zetu walilichukua neno hilo kwa Waturuki, nao kwa Waajemi, na njiani limechafuka viatu. Ukitoa baada ya kazi, ni shukrani. Ukitoa kabla, ni hongo. Ukitoa pasipo kazi wala haja yoyote, hapo ndipo ni ukarimu.

Nikamwuliza je, ukitoa katikati.

Akanirudishia ndoo. Nimeibeba mlima mzima nikipumzika kila nguzo ya umeme. Kifua kilipiga filimbi. Kusema kweli, karibu na kanisa niliogopa kidogo. Nilikaa kwenye ngazi nikafikiria majira ya baridi.

Jumapili, 15 Oktoba

Ukumbi umejaa. Jiko limewekwa jukwaani, limefungwa utepe. Mwalimu akaeleza maana tatu za neno. Alipofika kwenye hongo akatoa mfano wa mtu fulani, jina hakulitaja, na ndoo fulani ya jibini. Watu mia moja na themanini wakageuka kunitazama.

Nilipata shahidi mmoja, Mincho. Akasimama akasema nilimpa leva ishirini, na hajalala vizuri tangu siku ile, je, azirudishe kwangu au kwa daktari wangu?

Kisha Mwalimu akauliza nani amekula chakula cha Zdravka mwaka huu. Mikono ikainuka kama msitu. Wangu pia. Uliinuka wenyewe! Yule kuku alikuwa mtamu.

Zdravka hakuwepo. Alikuwa kwake, pilipili zisiungue. Wakampelekea jiko kwa gari la mkaa, na bendi ikifuata. Nilifunga madirisha. Moshi ukabaki ndani na mimi.

Jumatatu, 16 Oktoba

Asubuhi, kishindo mlangoni. Zdravka na wapwa zake wawili wanasukuma jiko juu ya toroli. Nikadhani wamepotea njia.

"Sogea, jirani. Linaingia hapo."

Nikamwambia ni lake, ameshinda. Akasema lake bado zima, afanye nini na majiko mawili, acheze nayo ngoma? Halafu akasema, taratibu, kwamba ukuta wetu ni mwembamba. Marehemu mumewe alikohoa hivihivi msimu mzima, akawa anamwambia mkewe kwamba atapona. Hataki kusikia tena kikohozi hicho upande wa pili wa ukuta.

Machozi yalinitoka. Nimesema ni moshi.

Sasa jiko linawaka. Nyumba ina joto kama mkate. Kichwa kimefunguka, nami nimeona jambo ambalo hata Mwalimu hajaliona: bila mpokeaji hakuna ukarimu! Nani amepokea supu? Mimi. Nani amepokea chupa sita? Nani amepokea jiko? Mimi ndiye nimemfanya Zdravka awe mkarimu. Nimetoa nafasi yangu, kifua changu, sebule yangu yote. Nimemwandikia Mwalimu barua ya kurasa nne, nadai zawadi ya mwakani.

Shahidi nilimhitaji. Nikamwita Zdravka kwenye ua, nikampa kalamu. Alisoma, akacheka mpaka akashika nguzo, kisha akatia sahihi.

Mwanamke mwema sana. Lakini maskini, hana mipango kabisa.