Pango la Bwana Sedekia

Wananchi wa Nyanda za Juu Kusini walitangaziwa kwa furaha kubwa kwamba nyongeza zimeongezwa. Gari la matangazo lilizunguka Mbeya kutoka Soweto mpaka Uyole, likieleza kwa sauti tamu kwamba aliyechelewa kulipa pango la ardhi hataachwa mpweke tena. Kulikuwa na tozo ya kuchelewa, tozo ya kukumbushwa, tozo ya kusahau baada ya kukumbushwa, tozo ya kuhamisha jalada kutoka meza moja kwenda nyingine, na tozo ya jalada kukaa mno juu ya meza. Juu ya zote ilikaa tozo ya masikitiko, kwa sababu ofisi nayo ina moyo.

Aliyezibuni alikuwa Bwana Sedekia Mwaisumo, Mkuu wa Ofisi ya Nyongeza, mtu mfupi mwenye suti ndefu. Hakuna kilichomuumiza Bwana Sedekia kama kuona deni dogo likitembea peke yake.

"Deni changa linahitaji malezi," aliwaambia watumishi wake, nao wakapiga makofi, maana mlango ulikuwa umefungwa.

Kanuni za nyongeza aliziandika kwa mkono wake, na fahari yake ilikuwa kifungu cha saba. Zamani mkaguzi akibisha hodi, mdaiwa alitoka na kusema mwenye nyumba yuko Dar, huku picha ya harusi yake inaning'inia ukutani nyuma yake. Kifungu cha saba kilikomesha ujanja huo: nyongeza zote zitadaiwa kwa yeyote atakayekutwa ndani ya pango siku ya ukaguzi.

Mwanasheria wa ofisi alishauri neno "pango" lifafanuliwe. Bwana Sedekia alicheka mpaka akavua miwani.

"Nani katika nchi hii hajui pango ni nini?"

Kumbe yupo. Alikuwa Mama Faustina Kalinga wa Kihesa, Iringa, mjane aliyeachiwa na marehemu mumewe nyumba ya matofali ya kuchoma, mbuzi wachache na deni la pango la ardhi. Deni lenyewe halikumtisha. Fedha yake alikuwa nayo, imefungwa kwenye pindo la kitenge. Tatizo ni kwamba dirishani hawakupokea deni bila nyongeza zake, na nyongeza zilikuwa zimeshaipita bei ya nyumba, mbuzi wakiwemo. Barua ya mwisho ilisema kwamba Ijumaa nyumba itapigwa mnada, na ikamtakia siku njema.

Mama Faustina aliandika pingamizi fupi: "Ardhi ni yangu, nitailipia. Ila pango si langu. Pango nililikuta."

Bwana Sedekia aliisoma huko Mbeya, akapiga meza kwa kiganja.

"Nililikuta! Huyu mama ananichezea shere. Dastan! Washa gari."

Dastan alikuwa kaimu mkaguzi. Alikuwa amekaimu muda mrefu kiasi kwamba mkewe nyumbani alimwita Kaimu. Alizijua kanuni kwa moyo kama wengine wanavyojua sala, akitumaini kwamba siku moja mtu atamsikia akizikariri na kumthibitisha kazini.

Walifika Kihesa mchana, mawingu yamejaa.

"Kamwene, baba zangu," alisalimia Mama Faustina. "Karibuni mkae."

"Ndaga, mama. Hatukai. Tumekuja kukagua pango," alijibu Bwana Sedekia, akishukuru kwa Kinyakyusa.

"Aa, pango! Si lile pale nyuma ya choo?"

Nyuma ya choo kulikuwa na jiwe kubwa kama kanisa, na chini ya jiwe kulikuwa na tundu jeusi lililotoa harufu ya mbuzi. Dastan alilitazama jiwe, akamtazama mkuu wake. Bwana Sedekia naye alilitazama kwa muda mrefu. Mtu wa kawaida angecheka, akasema kuna makosa kidogo ya lugha. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba kanuni zina tundu, na kanuni za Bwana Sedekia hazikuwa na tundu. Jiwe ndilo lilikuwa nalo.

"Naam," alisema. "Dastan, andika. Pango lipo."

"Lipo, Mkuu."

"Ila mimi siishi humo, baba," alisema Mama Faustina. "Humo wanalala mbuzi."

"Hayo yataonekana kwenye vipimo."

Bwana Sedekia akachukua futi kamba, akakunja suruali, akaingia kwa magoti.

Ndipo ikaanza mvua ya mawe. Ilipiga mabati ya Kihesa nzima kwa kelele ambayo haikuomba kibali cha ofisi yoyote. Dastan akakimbilia barazani. Bwana Sedekia akachungulia nje, barafu moja ikamgonga kwenye upara, akarudi ndani. Mbuzi, ambao hawakuwa wamesoma kanuni, wakaingia na kumsogelea.

Mama Faustina hakuwa mtu wa kumwacha mgeni hivihivi. Alijitwika beseni kichwani, akampelekea chai, viazi vya kuchemsha na blanketi.

"Pole, baba. Baridi ya kwetu haina adabu."

"Ndaga fijo, mama," alisema Bwana Sedekia akitetemeka, akajifunika, akala. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimwona huyu mama kuwa mwananchi mwema, na akaazimia kumpunguzia tozo ya masikitiko.

Mama Faustina alirudi barazani, akakung'uta beseni.

"Baba Dastan, hebu nisaidie mimi mshamba. Siku ya ukaguzi si ndiyo leo?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyekutwa pangoni ni nani?"

Midomo ya Dastan ikaanza yenyewe kukariri kifungu cha saba. Kisha akatoa kalamu, na uso wake ukang'aa kama wa mtu anayeiona barua yake ya kuthibitishwa ikija barabarani.

Mvua ilipokatika, alisimama mbele ya tundu, visigino pamoja.

"Mkuu, samahani. Ardhi ni ya mama. Pango ni lako. Nyongeza zote zinakuhusu wewe, kifungu cha saba."

"Dastan! Una wazimu? Pango maana yake kodi!"

"Haijafafanuliwa, Mkuu."

"Natoa pingamizi!"

"Linapokelewa, Mkuu. Ila ukitoa pingamizi, tozo ya masikitiko inapanda. Nami kwa kweli nimesikitika sana."

Mama Faustina alifungua pindo la kitenge, akahesabu deni la ardhi peke yake, bila hata nyongeza moja. Dastan akampa risiti, na mnada wa Ijumaa ukafutwa hapohapo juu ya boneti la gari. Mama Faustina aliikunja risiti, akaifunga pale fedha ilipokuwa, akaenda kusimama mlangoni kwa mbuzi.

"Usitoke kwanza, baba. Umekaa humo mchana kutwa, umekula, umejifunika. Na mimi nadai pango."

"Pango gani tena, mama?"

"Pango la pango."

Dastan alifungua ukurasa mpya.

"Na tayari umechelewa, Mkuu."