Faili la Nyumba ya Bibi

Jumatatu, 3 Machi
Trrrak. Mlio wa futi ya chuma ikijirudisha kwenye kasha lake. Haujanitoka tangu asubuhi. Baba mdogo alipima sebule nzima tukiwa kwenye chai, akamwomba bibi anyanyue miguu. Nyumba ni ya marehemu babu, kasema, kwa hiyo ni yake kuiuza. Bibi atahamia kwake. Mimi nimesoma, nitajua pa kwenda. Nina hakika babu aliiandikisha kwa jina la bibi. Kesho naenda masjala ya ardhi.

Jumanne, 4 Machi
Karani aliniuliza haraka ya nini. Nyumba ina miaka tisini na haijawahi kukimbia. Nilijaza fomu ya kuomba historia ya umiliki. Kuna mahali inapouliza kama mmiliki aliyeandikishwa aarifiwe kwa barua. Nikatia alama. Bibi apate barua yenye mhuri, afurahi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesoma faili mara tatu. Nyumba ilijengwa na mkuu wa stesheni. Akamuuzia mkunga. Mkunga akamuuzia baba yake fundi cherehani, jirani yetu. Basi. Babu yumo mara moja tu: barua ya mpangaji akilalamikia paa. (Bado linavuja.) Fundi mwenyewe hajui, baba yake alikufa ghafla, hakuacha neno. Ningenyamaza. Ila barua ya mmiliki imeshatoka, inakuja kwa anwani hii, ndiyo iliyomo failini.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikaa getini tangu saa moja nikimvizia tarishi. Saa tano nikaingia kunywa maji. Mara moja tu. Tarishi akapita, bibi akapokea, na kwa kuwa haoni herufi ndogo, akampelekea fundi amsomee. Nilimuuliza kwa nini hakuningoja. Alisema fundi husoma kilichoandikwa. Mimi huongeza maoni.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi alikuja na barua, ameona haya kana kwamba yeye ndiye mvamizi. Alimwambia baba mdogo hakuna kuuza. Alimwambia bibi, mama, kaa hapa mpaka uchoke. Bibi akajibu kwamba hachoki upesi. Ila chumba cha mbele, chenye mwanga, fundi angekiomba kwa vyerehani vyake. Ndicho changu. Bibi alikubali hata sijafungua mdomo. Nilipendekeza nilale chumbani kwake. Alisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye amezoea kulala kwa amani.

Jumatatu, 10 Machi
Baba mdogo amekubali nihamie kwake, chumba cha nyuma, kando ya tangi la maji. Kasema yaliyopita si ndwele, ila nisiguse makaratasi yake. Nilimshukuru, tena kwa dhati. Kisha nikawaza njia nzima. Hiyo nyumba yake aliinunua haraka mno, na anayetaka kuuza kisicho chake anaweza pia kununua kwa asiye mwenyewe. Mtu lazima ajue analala kwa nani. Nilipita masjala nikaomba faili la nyumba yake. Karani ameshaipokea fomu na kuigonga mhuri.