Rufaa ya Bango la Jitendra

Jumatatu, 7 Julai 2025
Nimevaa suti, nimekwenda mahakama ya wilaya kukata rufaa. Geti limefungwa. Mlinzi kaniuliza, kwani mzee hujui leo Sabasaba? Najua! Nilitaka kuwahi foleni ya kesho.

Jambo lenyewe dogo. Mwezi wa tano mahakama ya mwanzo ilinitia hatiani kwa kuvunja bango la Jitendra, jirani yangu hapa mtaani Gerezani. Sote tunauza vipuri vya magari. Bango lake lilifunika langu. Nyundo ilikuwa karibu. Hakimu akaniachia kwa onyo, nikatoka nacheka. Juzi sasa, umoja wetu wa wafanyabiashara umetangaza kuwa mwenye hatia hagombei uenyekiti. Kabaki Jitendra. Peke yake!

Jumanne, 8 Julai
Karani kasema muda wa rufaa umepita. Kwanza niombe ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, nieleze kwa kiapo kwa nini nimechelewa. Mpwa wangu Fakhriya ni wakili. Kaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia, nilikuwa napita duka kwa duka najipigia kampeni. Kasema niandike hivyo hivyo. Sijui huko chuoni wanafundishwa nini.

Jumatano, 9 Julai
Khalfani, fundi wangu, anakaa bonde la Jangwani. Nimemwomba aape kuwa mafuriko yalinizuia kwake. Kasema siku zile Jangwani palikuwa vumbi tupu, watu wanacheza mpira. Hana ubunifu.

Nimeapa mwenyewe kuwa mgongo ulinilaza kitandani mwezi mzima, hata kugeuka siwezi. Fakhriya sijamwambia.

Jumatano, 16 Julai
Nimeingia mahakamani na mkongojo. Hakimu kamuuliza Jitendra kama anapinga maombi yangu. Kasimama, mpole kama kawaida yake. Kasema hapingi hata kidogo, uchaguzi wa mtu mmoja hauna raha. Nusura nimkumbatie!

Akaongeza, kwa nia njema kabisa: "Ila mheshimiwa, Bwana Turki hakuwa mgonjwa. Mungu kampa afya. Mwezi wa sita nilimwona anabeba injini begani. Na yangu alinisaidia kubeba."

Kweli nilimsaidia. Nilikuwa natafuta kura!

Maombi yametupwa. Hakimu kasema kuapa uongo ni kosa la jinai, jalada linakwenda polisi. Mlangoni Jitendra kaniomba radhi. Alikuwa karibu kulia. Nimemwacha hapo hapo.

Alhamisi, 17 Julai
Polisi wameniita. Fakhriya kasema nikiri, niombe radhi, huenda wakanielewa. Nimemwitikia vizuri.

Napita Msimbazi, wazo likanijia. Aliyebeba injini si mimi. Ni pacha wangu! Khalfani ataapa kuwa anamfahamu. Nimempigia, kakata simu. Mitandao ya siku hizi!

Limebaki jina tu. Nimefikiria Turki Mdogo, lakini watashtuka. Nitamwita Ubeid.